Tundu Moja, Isevya

Chumba changu kina tundu moja la umeme,
chini kabisa, nyuma ya kitanda,
kana kwamba aliyejenga aliona haya kulionyesha.
Nimesogeza kitanda. Nalala kichwa kikielekea mlangoni;
mama angesema si vizuri.
Lakini waya haurefuki kwa imani.

Naiita redio, ingawa ni vipande vinne:
amplifaya, deki ya kaseti,
na spika mbili za mninga, nzito kama masanduku ya harusi.
Ilikuwa ya baba.
Baba alipanga njia za treni pale stesheni,
wewe Mwanza, wewe Kigoma,
na neno lake lilikuwa moja, hata mbele ya ugali:
reli moja, treni moja. Ya pili ingoje.

Mimi sikungoja.
Nilinunua sokoni ekstensheni ya elfu nne,
nyeupe, nyepesi kama biskuti,
nikachomeka humo redio, feni, pasi, chaji,
na juu yake ekstensheni nyingine, ifike dirishani.
Waya uliozidi nikaukunja mviringo,
nikaufunika kwa zulia. Usafi tu.
Jumamosi moja nikasikia harufu ya samaki anayeungua,
na sikuwa nimenunua samaki.

Fundi Mihayo hakunikemea.
Aliinua zulia: doa la kahawia sakafuni,
nyoka amejikunja, amelala.
"Ukiukunja waya, joto litokee wapi?"
Akafungua tundu ukutani. Nyaya mbili.
Ya tatu, ya kijani na njano,
ilikuwa imekatwa fupi ikazibwa kwa plasta,
kama jina lililofutwa kwenye daftari la mkopo.
Kumbe ndiyo maana amplifaya ilikuwa ikiniuma vidole
kila nilipoigusa pekupeku.
Tulichimba nyuma ya nyumba,
tukazamisha fimbo ya shaba mpaka kwenye udongo mbichi,
mwenye nyumba akichungulia,
akiuliza tunamzika nani.

Sasa pasi naipiga asubuhi, redio ikiwa imelala.
Kati ya ukuta na redio kuna kisanduku cha kulinda umeme,
bei yake ilinila mwezi mzima wa mboga.
Nawasha deki kwanza, amplifaya mwisho;
kuzima, kinyume chake, spika zisishtuke.
Umeme ukikatika nachomoa,
maana ukirudi hurudi kama mlevi,
anasukuma mlango kwanza, salamu baadaye.
Nahesabu dakika tano.
Na wingu likijikusanya upande wa Ipuli
nachomoa vyote, na waya wa antena,
naweka plagi juu ya kitanda niione kwa macho.
Radi ya Tabora haijui nani kalipia kisanduku.

Jana usiku, saa tatu, Kasanda wa chumba cha pili akabisha.
LUKU imemwishia, tokeni haijafika,
mtoto anataka maziwa.
Mkononi ana birika.
"Tundu moja tu, dada."

Nilikuwa kwenye kaseti ya baba, upande wa pili,
pale anapokohoa kabla ya kusema jina langu.
Hesabu naijua: birika lile peke yake
linakula kuliko feni, deki na amplifaya kwa pamoja.
Mtu angeweza kusema, mara moja tu, tuviweke vyote,
dakika tatu, nani atajua?
Ukuta ungejua.

Nikashusha sauti mpaka sifuri.
Amplifaya. Deki. Nikachomoa.
Birika likaanza kuvuma, kwanza kwa mbali,
kisha karibu, karibu zaidi,
nasi tukasimama tukilisikiliza, Kasanda na mimi,
kama watu waliokaa na mizigo yao stesheni
wakiipisha treni isiyo yao.
Baba alikuwa bado ndani ya kaseti, amevuta pumzi,
hajakohoa.